Mwongozo Kamili: Jinsi Matawi ya Wanajeshi wa Zamani Marekani Yanavyoweza Kuwalea na Kuwatunuku Makadeti wa Shule

Mwongozo huu unawahusu wanajeshi wa zamani wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani, pamoja na wenzao wa tawi ambao hawakijui Kiswahili lakini wanaishi katika miji ambayo lugha hii sasa inasikika kwenye korido za shule. Wapo Wakenya na Watanzania walioingia jeshini wakiwa na kadi ya kijani. Wapo walioingia kupitia MAVNI, mpango wa kuwaandikisha jeshini wageni wenye ujuzi maalumu, ulioanza 2009 na kusimamishwa 2016, ambao uliweka Kiswahili katika orodha ya lugha zilizohitajika jeshini. Na sasa wapo vijana wenye asili ya Kongo waliokulia Louisville, Lexington, Fort Worth, Phoenix na Des Moines ambao wamekwisha kumaliza mkataba wao wa kwanza. Wengi wetu tumejiunga na matawi ya American Legion au VFW, mashirika ya wanajeshi wa zamani, tunalipa ada, tunahudhuria vikao, kisha tunajiuliza mchango wetu hasa ni upi. Mchango mmoja unaotungoja uko shuleni, kwa watoto wanaovaa sare ya JROTC, programu ya makadeti wa shule za sekondari inayodhaminiwa na jeshi.

Mwaka wangu wa kwanza katika tawi nilitumwa kwenda kumtunuku kadeti mmoja wa kike katika shule iliyo dakika 20 kutoka nyumbani kwangu. Nilikabidhiwa bahasha saa moja kabla ya hafla. Jina la binti lilikuwa la Kivu, na kwenye cheti herufi mbili zilikuwa zimegeuzwa, hata jina likasomeka kama neno lisilokuwepo. Nilimvalisha nishani, tukapigwa picha, akaniambia kwa sauti ndogo, "Asante, baba," nami nikashtuka, kwa kuwa sikuwa nimeambiwa kwamba ni mwenzangu wa lugha. Nilipomuuliza mama yake ameketi wapi, alinijibu kwamba mama hakuja: barua ya mwaliko ilikuwa ya Kiingereza, naye alidhani ni barua ya kumwita mtoto jeshini. Tangu siku ile nimeshikilia kwamba nishani ni kitu cha mwisho kutolewa, na kwamba kabla yake yapo mengi ambayo mtoto na mzazi wake wanayahitaji zaidi. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufuata imani hiyo.

Kwanza, ijueni JROTC ilivyo

JROTC ilianzishwa na sheria ya ulinzi wa taifa ya 3 Juni 1916, sheria ileile iliyoanzisha ROTC, mafunzo ya maafisa wa jeshi katika vyuo vikuu. Mwanzoni ilikuwa ya Jeshi la Nchi Kavu peke yake. Sheria ya 1964 ndiyo iliyofungua mlango kwa matawi mengine ya jeshi. Leo ipo katika shule za sekondari zaidi ya 3,000. Sheria inataja lengo lake waziwazi: kuwajengea wanafunzi maadili ya uraia, moyo wa kulitumikia taifa, uwajibikaji binafsi na hisia ya kufanikisha jambo. Wakufunzi wengi ni wanajeshi wastaafu walioajiriwa na shule, na katika vikosi vya Jeshi la Nchi Kavu masomo yamegawanywa katika ngazi 4, kila mwaka wa sekondari na ngazi yake.

Jambo ambalo kila mwanatawi anapaswa kuweza kulieleza hata akiamshwa usingizini ni kwamba kadeti wa JROTC si askari. Hajala kiapo, halipwi mshahara, na akimaliza shule hadaiwi siku hata moja ya utumishi. Akiamua mwenyewe kujiunga na jeshi, miaka aliyosoma inaweza kumwezesha kuanza na cheo cha juu kidogo kuliko mwenzake, na mshahara wa cheo hicho. Hiyo ni faida, wala si deni. ROTC ya chuo kikuu ni jambo tofauti, kwa sababu mwanafunzi aliyepokea ufadhili wa masomo na kutia sahihi mkataba anakuwa amejifunga kutumikia. Nimewasikia wenzetu wakichanganya haya mawili mbele ya wazazi, na kosa hilo huwagharimu makadeti uaminifu wa nyumbani kwao.

Pili, chagueni watu wawili na kuandika azimio

Shughuli hii haiendeshwi na "kamati nzima". Tawi limteue mtu mmoja atakayekuwa sura yake shuleni, na wa pili wa kufuatana naye kila anapokwenda. Kikao kipitishe azimio fupi litakaloandikwa kwenye muhtasari, likitaja shule, majina ya wajumbe na kiasi cha fedha kilichotengwa kwa mwaka. Fedha yoyote inayokwenda shuleni ilipwe kwa hundi kwenye akaunti ya shughuli za wanafunzi na stakabadhi irudi kwa mweka hazina. Msimpe mkufunzi fedha taslimu mkononi, hata akiwa rafiki yenu wa miaka mingi mliyetumikia pamoja.

Tatu, nendeni kwa mkufunzi mikono mitupu

Wakati mzuri ni Agosti au mwanzoni mwa Septemba, shule zinapofunguliwa. Ombeni miadi ya nusu saa, na mwende bila nishani na bila kamera, mkiwa na daftari. Muulizeni mkufunzi ana makadeti wangapi, ni nani wanaoachwa nyuma na kwa sababu gani, mashindano ya kwata yako lini, na mwaka jana kilikwama nini. Wakufunzi wamezoea kutembelewa na watu wanaokuja kuomba kitu: kikundi cha kubeba bendera kwenye paredi, watoto wa kupanga viti, kwaya ya kuimba wimbo wa taifa. Akiona mmekuja kuuliza, naye ataanza kusema. Mara ya kwanza nilipofanya hivi niliambiwa jambo ambalo nisingelikisia kamwe, kwamba makadeti 6 walikuwa wanakosa mazoezi ya jioni kwa sababu basi la mwisho la shule linaondoka kabla mazoezi hayajaisha.

Mkitoka kwa mkufunzi, pitieni kwa mkuu wa shule. Ulizeni taratibu za watu wa kujitolea, na kila mjumbe akubali kuchunguzwa rekodi zake bila kunung'unika. Hili nalisisitiza kwa sababu ya yaliyotokea. Mwaka 2022 uchunguzi wa gazeti la The New York Times ulionyesha kwamba katika kipindi cha miaka 5 wakufunzi wa JROTC wasiopungua 33 walikuwa wamefunguliwa mashtaka ya jinai kwa makosa ya kingono yaliyowahusu wanafunzi. Heshima ya sare haikuwalinda watoto wale. Mara nyingine ndiyo iliyowafanya watu wasiulize. Kwa hiyo tawi lijiwekee sheria zake lenyewe, kali kuliko za shule kama itabidi: mjumbe asikae faragha na mwanafunzi mmoja, asimbebe garini peke yake, asiwasiliane naye kwa ujumbe wa simu wa siri, na mawasiliano yote yapitie kwa mkufunzi na mzazi. Mtoto akimweleza mjumbe jambo linaloashiria kwamba anadhulumiwa, mjumbe ampelekee taarifa mkuu wa shule siku hiyohiyo, na ikiwa kuna hatari ya papo hapo apige simu polisi.

Gazeti hilohilo liliripoti pia kwamba katika baadhi ya miji wanafunzi walikuwa wakiandikishwa JROTC bila wao wala wazazi wao kuulizwa. Muulizeni mkuu wa shule waziwazi kama makadeti wake wote wamechagua somo hili. Mkimkuta mtoto ambaye hataki kuwepo pale, msaada wenu wa kwanza kwake ni kumsaidia kupata somo lingine.

Nne, ongeeni na wazazi, na muongee kwa Kiswahili

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo hakuna mwingine katika tawi anayeweza kutufanyia.

Fikirini mama aliyetoka Fizi au Uvira, mashariki mwa Kongo, akakaa miaka 15 katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha akaletwa Kentucky. Katika maisha yake yote, mtu mwenye sare na bunduki akija mlangoni, alikuwa amekuja kuchukua kitu au kuchukua mtu. Analijua neno *kadogo*, yaani mtoto askari, tangu vita vya 1996, na anajua lilikuwa na maana gani kwa watoto wa majirani zake. Leo mwanawe wa miaka 15 anashuka kwenye basi la shule amevaa sare, viatu vinang'aa, nywele zimekatwa, na anafurahi. Asipofurahi naye, tusimlaumu. Nimeketi sebuleni kwa mama wa namna hiyo, na swali lake la kwanza, kabla hata chai haijamiminwa, lilikuwa, "Baba, huyu mutoto, batamupeleka ku vita?"

Jibu la swali hilo halipatikani kwenye kipeperushi. Mimi huanza kwa kusema mimi ni nani, nilitoka wapi, nilitumikia miaka mingapi na kwamba nilirudi. Kisha nasema jambo la pekee analolihitaji kwanza: hapana, hakuna mtu anayeweza kumchukua, somo hili ni kama masomo mengine, na akitaka kuliacha mwaka ujao ataliacha. Baada ya hapo namwomba kijana mwenyewe amwonyeshe mama kitabu chake, ukurasa kwa ukurasa, ili mama aone yaliyomo: katiba, huduma ya kwanza, kusoma ramani, kupanga fedha, kusimama mbele ya watu na kuzungumza. Bunduki za kwata anazoziona kwenye picha hazifyatuki. Katika shule zenye timu ya shabaha, watoto hutumia bunduki za upepo chini ya usimamizi. Mambo haya yaelezeni yote, hata yale mnayodhani yatamtisha, kwa sababu akija kuyaona mwenyewe baadaye bila kuambiwa, hatawaamini tena.

Wazazi wa Kitanzania mara nyingi huuliza kama hii ni sawa na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na wa Kenya huuliza kama ni NYS, huduma ya vijana kwa taifa. Swali ni zuri, na jibu ni kwamba kijana wa JROTC halali kambini, hapelekwi kwa lazima ya sheria, na kila jioni anarudi kula nyumbani. Wazazi Waislamu, hasa wa pwani na Wasomali wanaozungumza Kiswahili, huuliza kuhusu hijabu. Mwaka 2011, baada ya binti mmoja wa Tennessee kuambiwa hawezi kuandamana na kikosi akiwa na hijabu, Jeshi la Nchi Kavu lilikubali kuweka utaratibu wa makadeti wa JROTC kuomba kuvaa hijabu au kilemba pamoja na sare. Msaidieni binti kuandika ombi lake mapema, Septemba badala ya wiki ya hafla, na mkufunzi akiwa hajawahi kulishughulikia jambo hilo, kaeni naye mlisome pamoja.

Tafsirini barua. Kila barua inayotoka kwa kikosi kwenda nyumbani iwe na upande wa Kiswahili, kifupi na kwa maneno ya kila siku: hafla ni ya nini, ni saa ngapi, mahali gani, chakula kipo au hakipo, wadogo zake wanakaribishwa au la. Andikeni saa kwa namna isiyoweza kukosewa, "saa 12 jioni, yaani 6:00 p.m.", kwa sababu nimeona familia nzima ikifika hafla imekwisha, kwa kuchanganya saa za Kiswahili na za Kiingereza. Na mwalike mzazi kwa simu pia. Barua huwekwa juu ya friji ikasahaulika; simu ya mtu anayekuita mama Furaha au baba Amani haisahauliki.

Kuna wazazi ambao, baada ya kuelezwa yote, bado watakataa. Wakubalieni. Mzazi aliyeheshimiwa katika kukataa huweza kurudi mwaka unaofuata na mtoto wa pili.

Tano, saidieni mwaka mzima, kwa vitu vidogo vinavyokosekana

Sare hutolewa bila malipo na hurudishwa mwisho wa mwaka. Vinavyokosekana ni vile vya pembeni: dobi, soksi nyeusi, fulana nyeupe ya ndani, vibanio vya nywele, dawa ya viatu. Mtoto anayevaa sare mara moja kwa wiki na kukaguliwa, huku akijua kwamba kola yake imechafuka kwa kukosa dola chache, huanza kukosa shule siku ya ukaguzi. Tawi linaweza kufungua kabati dogo katika chumba cha kikosi na kulijaza vitu hivyo, mtoto achukue bila kuandika jina. Tulipofanya hivyo, mkufunzi alituambia kwamba soksi ndizo zilizokwisha kwanza.

Usafiri ni wa pili. Mashindano ya kwata na ya shabaha huanza alfajiri ya Jumamosi, na familia nyingi zina gari moja ambalo baba amekwenda nalo kazini zamu ya usiku. Kulipia basi la shule kwa siku moja kunaweza kuwa na faida kubwa kuliko ngao 10 za kutundika ukutani.

Halafu wapeni ujuzi wenu. Katika tawi lenu yumo fundi wa kwata ambaye bado anajua kufundisha kugeuka kwa hatua bila kupoteza mstari. Yumo mwenye subira ya kuwafundisha kukunja bendera mikunjo 13 hadi ibaki pembetatu ya buluu yenye nyota, bila wekundu kuchungulia. Kukunja bendera ndilo somo ninalolipenda. Watoto wawili wanatazamana, mmoja ameshika upande wa nyota imara, mwingine anakunja, na hakuna anayezungumza. Kosa la mmoja linaonekana kwenye mkunjo wa mwisho wa wote wawili. Makadeti watakaoliweza vizuri waalikwe kushiriki pamoja nanyi 11 Novemba, Siku ya Wanajeshi wa Zamani, na Jumatatu ya mwisho ya Mei, Siku ya Kumbukumbu, wakati wa kuweka bendera ndogo kwenye makaburi. Pale makaburini, mpe kila kadeti jina moja la kusoma kwa sauti.

Mkialikwa darasani kusimulia utumishi wenu, semeni ukweli wenye kipimo. Watoto wa kambi wameona vita kuliko baadhi yetu, na hawahitaji kusimuliwa damu. Wanachotaka kusikia ni namna ulivyojifunza Kiingereza cha amri, ulivyovumilia baridi, ulivyokosea na kurekebishwa, ulivyopata uraia, ulivyolipiwa chuo. Waelezeni pia gharama: mgongo unaouma, ndoa iliyoyumba, usingizi usiokuja. Na msigeuze ziara hiyo kuwa ya kuandikisha askari. Wapo maafisa wanaolipwa kwa kazi hiyo, na siku mtoto atakapohisi kwamba tawi lilimkaribia ili limpeleke kwa afisa huyo, mlango utakuwa umefungwa. Kadhalika siasa za vyama zibaki nje. American Legion yenyewe imefungwa na hati yake isijihusishe nazo.

Yapo pia mashindano ambayo makadeti wengi hawajawahi kuyasikia. VFW huendesha Voice of Democracy, yaliyoanza 1947, kwa wanafunzi wa darasa la 9 hadi la 12, ambao huandika insha na kuirekodi kwa sauti yao. Patriot's Pen ni ya darasa la 6 hadi la 8, kwa hiyo inawafaa wadogo zao. Yote mawili hufungwa 31 Oktoba, na ndiyo sababu niliwataka mwende shuleni Agosti. American Legion ina mashindano ya hotuba kuhusu katiba tangu 1938, na programu ya Boys State iliyoanza Illinois 1935, ambapo kijana aliyemaliza darasa la 11 hukaa wiki ya kiangazi akijifunza serikali kwa kuiendesha. Wanawake wa American Legion Auxiliary wana Girls State. Mtoto anayezungumza Kiingereza chenye lafudhi huamini kwamba mashindano ya hotuba si yake. Mkalisheni chini na mumsikilize akisoma insha yake mara 3 au 4. Lafudhi iacheni. Rekebisheni kasi tu, maana watoto wetu wakiogopa husoma mbio.

Sita, chagueni wa kutunukiwa kwa sababu mnayoweza kuitaja

Mashirika karibu yote ya wanajeshi wa zamani yana nishani za makadeti. American Legion ina mbili zinazojulikana sana, ya ubora wa masomo na ya ubora wa kijeshi. VFW, AMVETS, DAV na Military Order of the World Wars nazo zina zao. Kila moja ina masharti yake: nyingine ni za mwaka wa tatu, nyingine za mwaka wa mwisho, nyingine huangalia alama za darasani. Masharti hayo yasomwe kila mwaka, kwa kuwa hubadilika, na agizo lipelekwe Februari kupitia duka rasmi la shirika ili nishani, utepe na cheti vifike kabla ya Aprili.

Uteuzi hufanywa na mkufunzi, na ni haki yake, kwa sababu yeye ndiye anayewaona kila siku. Lakini tawi linaweza kumwomba sentensi moja ya maandishi kwa kila jina: mtoto huyu amefanya nini? Bila sentensi hiyo msichapishe cheti. Nimeona nishani zikimfuata mtoto yuleyule, kamanda wa kikosi, mpaka kifua kikajaa, ilhali yule aliyekuwa akibaki jioni kuwafundisha wageni kufunga tai hakupata kitu. Mkiona hivyo, anzisheni tuzo yenu ndogo ya tawi, ya cheti na barua, kwa kadeti aliyemsaidia mwenzake. Haihitaji kibali cha makao makuu, inahitaji kibali cha mkufunzi tu, na kwa maoni yangu ndiyo tuzo ambayo makadeti huipigia makofi kwa moyo.

Kisha majina. Mwombeni kadeti mwenyewe aandike jina lake kwa mkono wake, kama anavyotaka lisomeke, na alitamke kwenye simu yenu mlirekodi. Watoto wa Kongo mara nyingi wana majina 3, na makaratasi ya uhamiaji yamegeuza mpangilio. Jina lililo la kwanza kwenye orodha ya shule huenda siyo analoitwa nyumbani. Byamungu haisomwi "Bai-a-mungu". Atakayesoma siku ile ajizoeze mara 10, akihitaji hata 20.

Saba, siku yenyewe

Fikeni nusu saa mapema. Muulizeni mkufunzi mambo matatu: kadeti ataingia upande gani, atapiga saluti lini, na nishani itavalishwa au itakabidhiwa ndani ya kisanduku. Hilo la tatu lina uzito. Pini ya nishani ni ndogo, vidole vya mtu mzima hutetemeka, na kuvalisha kunahitaji mkono kuingia nyuma ya kitambaa cha kifua. Kwa kadeti wa kike aliyesimama na mwanamume asiyemjua, ni sekunde ndefu sana. Siku hizi mimi hukabidhi kisanduku kikiwa wazi, mama yake au mkufunzi wa kike akavalisha. Mama aliyewahi kuiogopa sare ile akiifunga nishani kifuani mwa mwanawe kwa mikono yake, ukumbi hunyamaza wenyewe.

Cheti kiwe mkono wa kushoto, wa kulia ubaki huru kwa kupeana mkono. Semeni jina, semeni sentensi ile moja ya mkufunzi, kisha irudieni kwa Kiswahili kwa ajili ya waliokuja kutoka nyumbani. Haichukui sekunde 15. Bendera inapopita, wanajeshi wa zamani waliovaa kiraia wana ruhusa ya kisheria, tangu 2008, kuipigia saluti. Fanyeni hivyo pamoja, maana makadeti wanawatazama. Hotuba ya tawi isizidi dakika 3. Na baada ya hafla msiondoke: baki ukumbini, kula sambusa walizoleta wazazi, salimianeni na bibi aliyekaa nyuma.

Nane, baada ya makofi

Wiki hiyohiyo mpelekeeni mzazi picha iliyochapishwa, kwa karatasi, si ya simu tu. Andikeni barua ya tawi inayoeleza kile alichotunukiwa mtoto na kwa nini, yenye sahihi ya kamanda, ambayo ataiambatanisha na maombi ya chuo, ya ufadhili au ya kazi ya kwanza. Barua hii inatumika kuliko nishani, kwa hiyo iandikwe kwa makini na kwa mambo halisi, na nakala yake ibaki kwenye faili la tawi ili aweze kuiomba tena akiipoteza.

Kadeti anayemaliza shule aulizwe anaelekea wapi, na jibu lolote lipokelewe kwa uzito uleule: chuo cha ufundi, uuguzi, ghala la usiku ili asaidie kodi ya nyumba, au jeshi. Anayechagua jeshi afuatwe na mmoja wenu atakayeusoma naye mkataba mstari kwa mstari kabla hajatia sahihi, hasa kifungu cha kazi aliyoahidiwa na cha miaka ya kubaki katika jeshi la akiba. Anayechagua jingine apewe namba za wanatawi wanaolifanya jingine hilo.

Mwisho wa Juni, wajumbe wawili wakae na daftari lao, waandike majina ya wote waliotunukiwa kwa tahajia ile waliyoiandika wenyewe, namba za wazazi waliokubali kupigiwa simu, vitu vilivyokwisha kwenye kabati na tarehe zilizogongana. Daftari hilo likabidhiwe kikaoni kwa watakaoshika nafasi mwaka unaofuata, na miadi ya Agosti na mkufunzi iwe imekwisha kuwekwa.